Kiti Chukueni, Ndege Ziacheni: Miaka Thelathini na Mmoja ya Bi. Koleta Mhoja

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Koleta Mhoja anastaafu baada ya kulitumikia Shirika la Ndege la Igombe kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa karani wa tiketi, akapanda hadi kuwa Mkuu wa Mipango ya Safari, na anatoka akiwa msimamizi wa kituo chetu cha Tabora. Mtu asiyetujua akisoma hivyo atadhani nimechanganya mpangilio, maana watu hupanda ngazi wakaishia juu. Sijachanganya chochote, na nikimaliza utajua kwa nini.

Kamati ya sherehe imenipa kazi hii mimi, Mwanahawa wa Mauzo, kwa sababu mbili. Kwanza, nimekaa naye meza kwa meza makao makuu kwa miaka mingi. Pili, mimi ni Mzaramo na yeye ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani ndiye anayeruhusiwa kusema yale ambayo wengine wanayameza. Babu zake walishuka pwani na misafara, mizigo mabegani, na babu zangu wakawapokea huku wakiwacheka miguu iliyojaa vumbi. Nami naendeleza kazi hiyo ya ukoo. Ukiona mahali nimemsema sana, walaumu hao wazee.

Bi. Koleta alizaliwa Kwihara, kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye njia ile ile ya misafara, katika familia ya wakulima wa karanga na mahindi. Alipojiunga nasi mwaka 1994, Igombe ilikuwa na ndege moja, ofisi mbili na choo kimoja. Tiketi ziliandikwa kwa mkono na ratiba ya wiki ilichorwa kwa chaki ubaoni. Ubao ule ulikuwa wake. Rubani mmoja aliwahi kuufuta kwa kiwiko bahati mbaya, na nasikia mpaka leo akimwona Bi. Koleta anapita njia nyingine.

Tusisahau habari ya asali. Zamani abiria wa Tabora walipanda na asali kwenye madebe yaliyofunikwa kwa majani. Siku moja debe likapinduka kwenye sehemu ya mizigo, na ndege ilipotua Dar es Salaam nyuki wakajua kabla yetu. Wapakia mizigo walitimua mbio, wengine hawakurudi kazini hadi kesho yake. Bi. Koleta ndiye aliyeweka sharti la ndoo yenye mfuniko wa kubana, na alikwenda mwenyewe kituoni Tabora kuwafundisha watu namna ya kuifunga. Alirudi na ndoo tatu za zawadi. Mimi sikupata hata kijiko, na nalisema hili mbele ya umma.

Kazi yake kubwa ilikuwa kupanga safari. Wengi hatukujua ugumu wake kwa sababu ikifanyika vizuri haionekani. Ndege ni chache na miji ni mingi. Ukiipeleka ndege mji huu, mji ule unabaki unaangalia mawingu. Ukiipeleka saa ambayo mshindani wako amekwisha kupita, unabeba viti vitupu, na kiti kitupu kikishapaa hakiuziki tena. Bi. Koleta aliamua mambo hayo kila wiki kwa miaka kumi na mitano akiwa mkuu wa idara, na shirika likakua kutoka ndege moja hadi tano. Wawili kati ya wapangaji bora wa safari nchini wamepita mikononi mwake.

Sasa nije kwenye mwaka 2022, mwaka ambao hakuna aliyekuwa ofisini atakayeusahau.

Mwanzoni mwa mwaka ule, Bwana Raymundi, mkurugenzi wetu mtendaji, alileta mpango wa kubadili ndege. Kati ya ndege zetu tano, zilizokuwa zikienda Tabora ni pangaboi mbili za viti sabini, zile ndege za mapanga zinazokunywa mafuta kidogo na kutua popote. Yeye alitaka ziuzwe, tukodi jeti moja kubwa ya kushindana kwenye njia za miji mikubwa. Mnunuzi kutoka nchi jirani alishakuja kuzikagua, akazipenda, akawa anasubiri saini tu. Kwa hesabu za karatasi mpango ulikuwa mzuri. Shida ilikuwa Tabora. Jeti ile isingeweza kujaa Tabora hata kwa dawa, na pangaboi zikiondoka, njia ya Tabora ndiyo imekufa. Watumishi tisa wa kituo kile wangeondoka nayo, na watu wa Tabora, Urambo, Nzega na Igunga wangebaki na reli na barabara.

Halafu, kana kwamba hilo halitoshi, kampuni ya Kipanga Jet ikaingia Tabora na tiketi za bei ya kutupa, kwenda na kurudi, tarehe zote mbili zimepangwa. Mabango yao yalijaa mjini kote. Bwana Raymundi aliyaona, akarudi ofisini akasema tunapigania mfupa ambao mwingine ameshautafuna.

Kompyuta nayo ilikuwa upande wake. Ilionyesha kwamba ndege zetu za kwenda Tabora zinajaa vizuri, lakini za kurudi Dar es Salaam hazina watu. Wiki moja kabla ya safari unakuta majina kumi, kumi na mbili. Tulikuwa na kanuni kwamba safari ikifika siku ya saba kabla ya kuruka na haijauza theluthi ya viti, inafutwa, ndege inapitishwa mji mwingine, na waliokata tiketi wanasogezwa kwenye safari nyingine. Kanuni hiyo iliandikwa na Bi. Koleta mwenyewe, na kwa miji mingine ilikuwa imetuokoa mara nyingi.

Pasaka ya mwaka ule alikwenda kwao Kwihara. Kwa kuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata kulikuwa na kikao kizito cha ndege, alikata tiketi ya kulipia badala ya ile ya mtumishi, kwenda na kurudi, tarehe imeandikwa. Alifika, akamwamkia shangazi yake, Bibi Stela, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa kigoda. Kabla hata ya maji ya kunywa akatangaza kwamba Jumapili anarudi. Kuku aliyekwisha kukamatwa akaachiwa. Bibi Stela akamtazama mpwa wake akamwambia, “Kumbe mwanangu umekuja kutuaga.”

Wasiojua mambo ya huko niwaeleze, maana mimi mtani nimeyasoma kwa shida. Kwa Bibi Stela na wenziwe, mgeni hasemi siku ya kuondoka. Akifika na siku yake mkononi ametukana, ni kama amekuja kuwahesabia wenyeji chakula. Mgeni hukaa, kisha huomba ruhusa. Ombi la kwanza hukataliwa. La pili pia hukataliwa kwa upole. Mwenyeji akiridhika ndipo hutoa ruhusa, na akishaitoa, mgeni hufungiwa karanga, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, asali na kuku mzima, akasindikizwa asubuhi ile ile. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo atakataje tiketi ya kurudi wiki tatu kabla? Atakata ya kwenda, na ya kurudi ataikata kaunta, asubuhi ya siku aliyoruhusiwa, kuku kwapani.

Na sisi tulikuwa tumeifuta ndege yake siku saba nyuma! Doto, kijana wetu wa kaunta ya Tabora, ndiye aliyekuwa akiwaambia watu kwamba safari haipo. Wakageuka, wakaenda stendi ya mabasi. Kompyuta ikaandika kwamba watu wa Tabora hawapendi kurudi kwa ndege. Tukafuta nyingine. Tulikuwa tunawafukuza wateja mlangoni, kisha tunaandika ripoti kwamba hawaji.

Bi. Koleta hakurudi Jumapili. Bibi Stela alimpa ruhusa Jumatano. Kikao kikafanyika bila yeye, na ndani yake wakubwa wakakubaliana kwa mdomo kwamba pangaboi ziuzwe.

Aliingia ofisini Alhamisi na mfuko wa michembe, akapita mezani kwangu bila salamu, na mimi nikajua kuna jambo. Aliomba kikao cha dharura cha bodi. Mbele ya mwenyekiti, Mzee Elieza, na mbele ya Bwana Raymundi, alisema kanuni ni yake na kwa Tabora ni kanuni mbaya. Akaomba msimu mmoja, Juni hadi mwisho wa Septemba, ambamo hakuna mtu atakayeifuta safari yoyote ya Tabora hata ikionyesha jina moja. Bwana Raymundi akauliza, na mimi simlaumu, nani atalipia ndege zitakazoruka tupu. Hapo mtani wangu akafanya jambo lililonikata maini. Akasema msimu ukiisha na viti vilivyokaliwa havijafika theluthi mbili, ndege ziuzwe na yeye aondoke kwenye kiti chake. Mzee Elieza akakubali palepale, na katibu akaandika.

Nilimfuata nje nikamwuliza kama amerogwa. Akanijibu kwa utulivu wa kuudhi, “Mtani, wewe uza viti. Ruhusa za watu niachie mimi.”

Naomba niseme ukweli kuhusu miezi ile: ilikuwa mibaya. Mimi ndiye niliyekuwa naangalia buking, ile orodha ya waliokata tiketi, kila siku. Ijumaa ya Juni unafungua kompyuta, safari ya Alhamisi ijayo kutoka Tabora ina majina tisa. Jumatatu, majina kumi na moja. Jumatano jioni, kumi na sita, na viti ni sabini. Bwana Raymundi anakuja kusimama nyuma yangu, ananipumulia shingoni. Kisha Alhamisi asubuhi Doto anapiga simu kutoka kaunta, nyuma yake kuku wanalia, anasema wamefika watu thelathini na foleni haijaisha. Wiki nyingine anapiga na sauti ya chini, unajua hawakuja.

Juni tulishindwa vibaya. Watu walikuwa wameshazoea kwamba ndege yetu haina uhakika, na uaminifu ukishapotea haurudi kwa tangazo la redio. Bi. Koleta hakuweka tangazo. Alimwambia Doto amwambie kila abiria neno moja tu, kwamba ya Tabora haifutwi tena. Neno likatembea. Likafika Ntalikwa, likafika kwenye minada ya ng'ombe ya Ziba, likafika Urambo kwa wakulima wa tumbaku. Julai tukapanda. Kipanga wakashusha bei tena, nasi tukashuka. Agosti tukapanda tena, na kwa mara ya kwanza nikamwona Bi. Koleta anakula chakula cha mchana badala ya kutafuna michembe mezani.

Ilipofika katikati ya Septemba tulikuwa juu ya mstari, lakini kwa uzi mwembamba. Na hapo ndipo Ulyankulu ilipotutoa jasho.

Kule Ulyankulu kulikuwa na sherehe ya padre mpya, kijana wa Mzee Evaristi Nibitanga, mkulima mkubwa wa familia ya asili ya Burundi. Ndugu na marafiki zaidi ya hamsini walitoka Dar es Salaam kwa ndege zetu, wote tiketi ya kwenda tu. Misa ilikuwa Jumapili. Bi. Koleta akapiga mahesabu ya kimila, kama mtu anavyohesabu mvua: Jumatatu wanapumzika, Jumanne wanaomba, Jumatano wanakataliwa, Alhamisi wanaondoka. Alhamisi ndege yetu ingejaa hadi mlangoni.

Jumanne, kampuni moja ya migodi ikaomba kuikodi pangaboi ile ile Alhamisi nzima, kwa malipo mazuri sana. Ile ya pili ilikuwa karakana. Bwana Raymundi alikuja mwenyewe idarani. Kwenye kompyuta safari ya Tabora ilikuwa na majina kumi na moja. Alimwomba kwa adabu, kisha bila adabu, na mwisho akapiga meza. Akamwambia kwamba anaitupa mali ya shirika kwa sababu ya desturi za shangazi yake. Bi. Koleta alikuwa na mamlaka ya bodi mkononi, na akasema hapana. Ofisi nzima tulikuwa tunajifanya tunaandika.

Alhamisi asubuhi Doto alipiga simu. Alisema, “Dada Mwanahawa, huku kweupe.” Ndege iliondoka Tabora na watu kumi na moja.

Bi. Koleta hakulia, hakulaumu. Baadaye ndipo Doto alipopata habari kamili. Wageni walikuwa wameomba ruhusa Jumatano na Mzee Evaristi amekataa, kisha Alhamisi akakataa tena, kwa kuwa upande wa bibi zake padre walikuwa hawajafika na pombe yao, na padre hawezi kuagwa na wageni kabla ya bibi zake. Nani atabishana na hilo? Mila ile aliyoitegemea mtani wangu ndiyo iliyomwangusha. Wageni waliruhusiwa Jumamosi.

Jumamosi hatukuwa na safari Tabora. Bwana Raymundi, ili kufidia, alikuwa amewapa watu wa migodi pangaboi siku hiyo. Kipanga Jet walikuwa na safari saa nne. Watu wale wote, zaidi ya hamsini, na kuku wao na ndoo zao za asali zenye mifuniko aliyoifundisha Bi. Koleta, walipita mbele ya kaunta yetu iliyofungwa wakaingia ndege ya mshindani. Doto alisimama pale akiwatazama mpaka wa mwisho. Kisha akanipigia simu.

Septemba ikaisha. Tukajumlisha, tukarudia, akajumlisha mkaguzi wa nje. Tulikosa theluthi mbili kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho wale wa Ulyankulu peke yao wangekijaza na kubaki. Lakini tulikosa. Neno lilikuwa neno, na mnunuzi alikuwa ameshapiga simu mara mbili.

Kikao cha bodi cha Oktoba nilikuwepo, nilikwenda kusoma takwimu za mauzo. Nilipomaliza, Mzee Elieza akamwuliza Bi. Koleta kama ana la kujitetea. Alisimama. Mimi nilitegemea ataeleza habari za Ulyankulu, za padre na bibi zake, za ndege iliyopelekwa migodini. Angeweza, na kila mtu mezani alijua ni kweli. Hakuzitaja. Alisema, “Ahadi niliitoa mimi, siyo ndege. Kiti changu chukueni. Ndege ziacheni msimu mmoja zaidi, na mziweke Jumamosi.”

Bwana Raymundi aliinamisha kichwa, halafu akasema, kwa sauti ambayo nusura isisikike, kwamba yeye anaunga mkono. Wale watu wa Jumamosi aliwaona kwenye ripoti yetu kuhusu Kipanga, akasema, na kama watu wapo, wapo. Bodi ikakubali yote mawili. Pangaboi hazikuuzwa. Bi. Koleta alikabidhi ofisi kwa Julieth, mwanafunzi wake, na Januari 2023 akahamia Tabora kuwa msimamizi wa kituo, ngazi tatu chini ya pale alipokuwa.

Hapa naweka utani pembeni. Katika miaka hii miwili na nusu, Tabora imetoka safari tatu kwa wiki hadi kila siku. Kipanga Jet waliondoka masika ya 2023, jeti yao ilikuwa kubwa mno na abiria wao walikuwa wanapoteza tiketi za kurudi kwa kukosa ruhusa. Mwaka jana shirika lilinunua pangaboi ya tatu. Kanuni ya siku saba haigusi tena Tabora, na Julieth ameiondoa pia kwenye miji mingine miwili yenye wenyeji wagumu wa namna ile. Kila mwaka taarifa ya shirika inaisifu njia ya Tabora, na haijawahi kutaja jina la Koleta Mhoja. Hakuna aliyemrudishia kiti, wala hakuna aliyemwomba radhi. Lilikuwa kosa, na linatuuma tunaolijua. Naandika hapa ili liwe limeandikwa mahali.

Yeye mwenyewe hajalalamika. Alisimama kaunta na Doto, akapima ndoo, akaamkia wazee, akagombana na watu wanaotaka kupanda na mbuzi. Watumishi tisa wa kituo kile leo ni kumi na wanne.

Aya hizi za mwisho nimeziandika upya jana jioni, na mtaniwia radhi kwa hasira zake. Sherehe hii ilikuwa ifanyike jana, Ijumaa, saa saba mchana. Mstaafu alikuwa aje na ndege ya asubuhi kwa tiketi ya mtumishi, ile ambayo unapanda kama kuna kiti kilichobaki. Alhamisi jioni niliangalia mwenyewe: majina kumi na tisa, viti sabini. Nikawaambia wapishi waweke sufuria jikoni. Bwana Raymundi akavaa suti.

Ijumaa asubuhi abiria walianza kuja. Walikuja kwa pikipiki, kwa bajaji, kwa lori la karanga. Doto anasema hakukuwa na pa kuweka mguu. Mlango wa kuondokea ulipokaribia kufungwa kimebaki kiti kimoja, na Bi. Koleta ameshavaa kitenge chake kipya, mkoba mkononi, wenzake wanamshangilia. Akatokea mama mmoja anakimbia, Suzana wa Ziba, mtoto mgongoni na kuku mkononi, ukweni kwake wamemruhusu alfajiri ile. Bi. Koleta akaweka mkoba chini, akaingia nyuma ya kaunta, akamkatia tiketi.

Kisha akanipigia simu mimi, niliyekuwa nimesimama kati ya pilau la watu mia. Akasema, “Mtani, nimekosa kiti.” Nilifungua mdomo nimtukane, kama ilivyo haki yangu, na nikamsikia anacheka, kisha nikamsikia hawezi tena kucheka. Nikakaa chini kwenye gunia la mchele nikalia, na haikuwa kwa ajili ya pilau. Nilipomweleza Bwana Raymundi, alivua koti lake, akalikunja taratibu, akaniambia niwatangazie watu wote sababu ya sherehe kuahirishwa, na nisiache hata neno moja.

Basi ndugu wageni, tangazo ndilo hilo, na ndiyo maana mnakula leo Jumamosi. Leo amekuja kwa tiketi ya kulipia, nimeilipia mimi.

Bi. Koleta, tunakushukuru kwa miaka yako yote, na zaidi kwa ule mmoja. Mungu akupe afya, mvua njema na uzee wa raha. Jana, kwenye safari ya Tabora, kila kiti kilikuwa na mtu, wewe tu ndiye hukuwa na kiti.